Zanzibar ilipokuwa ikiilipa Muscat

Aprili 1861 Lord Canning, aliyeitawala India kwa niaba ya Malkia wa Uingereza, alitoa uamuzi juu ya ugomvi wa urithi baina ya watoto wawili wa Seyyid Said, aliyezitawala Muscat na Zanzibar kwa pamoja. Majid abaki na Zanzibar, Thuwaini abaki na Muscat, na kila mwaka Majid ampelekee kaka yake riale 40,000 za fedha. Haikuwa heshima ya mdogo kwa mkubwa. Aliyepata Zanzibar alipata karafuu, pembe za ndovu, ushuru wa forodha na, tusifiche, soko la watumwa. Aliyepata Muscat alipata majabali, tende na bandari iliyoanza kudoda. Canning aliona mizani imelala upande mmoja, akaamuru mwenye nacho amfidie asiye nacho.

Leo fedha zinasafiri kinyume. Binti wa Tanga anayefanya kazi za ndani Muscat ndiye anayetuma riali nyumbani. Hata Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Barghash, mtoto mwingine wa Seyyid Said, mwaka 1883 wakati Unguja ikiwa na cha kuringia, lilipochoka ni Serikali ya Oman iliyotoa fedha za kulikarabati. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 kazi ikiendelea na watu wakapoteza maisha.

Ukikaa kijiweni Kariakoo au barazani Mji Mkongwe na mtu aliyetoka Oman juzi, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye lami. Barabara pana, taa hazizimiki, maji bombani usiku na mchana, hospitali ukiingia unasahau kuwa unaumwa. Halafu hutolewa hukumu moja kati ya mbili. Ya kwanza: wenzetu wana mafuta, basi. Ya pili husemwa kwa uchungu zaidi: sisi hatuna viongozi, au hatupendi kazi, au vyote kwa pamoja. Kila moja ina chembe ya ukweli, na kila moja ni ya mkato mno. Nadhani Oman inastahili kulinganishwa nasi kuliko Singapore na Korea Kusini, nchi ambazo wanasiasa wetu huzitaja kila wanapotaka kututia aibu. Sisi na Oman tunaandikiwa katika daftari moja. Sehemu ya watu ni wale wale, miaka ni ile ile, na kwa kipimo kimoja kikubwa tulianzia mstari mmoja.

Mstari wenyewe ni mwaka 1970. Oman nzima, nchi yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 300,000, ilikuwa na shule tatu, zote za wavulana, wanafunzi kama 900 kwa jumla. Barabara ya lami ilikuwa kama kilomita 10. Hospitali ya kutegemewa ilikuwa ya wamisionari wa Kimarekani pale Matrah. Sultani Said bin Taimur alikuwa amejifungia Salalah tangu mwaka 1958, na mtu akitaka kuingiza gari nchini ilibidi ruhusa itoke kwake mwenyewe. Mnamo saa tatu usiku mzinga ulilia, milango ya mji wa Muscat ikafungwa, na aliyetembea baada ya hapo alitakiwa awe na fanusi mkononi ili walinzi wamjue ni nani. Tochi ya betri haikukubaliwa. Ilikuwa lazima iwe fanusi, iwake.

Mwaka huo huo Unguja mtoto alisoma bila ada, kwa kuwa elimu ilitangazwa kuwa bure tangu 1964. Majengo ya Michenzani yalikuwa yakianza kunyanyuka kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na baada ya muda mfupi visiwa vikapata televisheni ya rangi, kitu ambacho Bara ilikisubiri, rangi au bila rangi, mpaka miaka ya 1990. Dar es Salaam ilikuwa na chuo kikuu. Oman ilifungua chake mwaka 1986. Mtu angekuambia wakati ule uchague mahali pa kuzaliwa mwanao kati ya Muscat na Unguja, ungecheka tu.

Lakini televisheni isitudanganye. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu ndani yake mna maji, chakula, mkunga, chanjo, barabara ya kufika zahanati na mama anayejua kusoma karatasi ya dawa. Kwa kipimo hicho Tanzania na Oman za mwaka 1970 zilikuwa karibu sawasawa: katika kila watoto watano, karibu mmoja hakufikisha miaka mitano. Leo Oman inapoteza watoto kama kumi katika kila 1,000. Utafiti wetu wa afya wa mwaka 2022 unasema sisi tunapoteza 43. Wao wametuacha, hilo halina ubishi. Ila tazama tena umbali tuliotembea sisi wenyewe kutoka kwenye mmoja kati ya watano, na utembeze macho kwenye nchi zenye mafuta ambazo hazijafika hata hapo tulipo. Anayesema hatujafanya lolote tangu Uhuru hajawahi kumuuliza bibi yake alizika watoto wangapi.

Sasa hiyo hukumu ya mafuta. Mafuta ya Oman yaligunduliwa Yibal mwaka 1962 na Fahud miaka miwili baadaye. Meli ya kwanza ya kuyauza nje iling'oa nanga mwaka 1967. Hesabu mwenyewe: kuanzia 1967 hadi Julai 1970 fedha zilikuwa zikiingia, na shule zilibaki tatu. Sultani alikuwa mtu wa kuogopa deni, na kwa hilo simlaumu, kwani ufalme aliurithi ukiwa hoi kwa madeni. Aliogopa pia watu waliosoma. Kwa hiyo ile hoja ya kijiweni kwamba ukipata mafuta umepata hospitali inakufa hapo hapo, ndani ya Oman yenyewe. Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe, Qaboos, alimpindua, Waingereza wakiwa nyuma yake, na ndipo fedha zilipoanza kugeuka saruji, dawa na mishahara ya walimu.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, Tanzania ilikuwa ikifanya kazi ile ile bila mafuta. Azimio la Arusha lilitoka mwaka 1967, mwaka ule ule meli ile ilipong'oa nanga. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni mbili kwenye vikundi, redio katikati, wakajifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na mbu. Mwaka uliofuata, kule Musoma, chama kiliamua kila mtoto aingie shule ya msingi bila kusubiri kwa miongo. Walimu walipatikana kwa mbio; wengine walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba jana. Tulicheka ubora wao, na hadi leo wapo wanaocheka, lakini nia haikuwa tofauti na ya Muscat. Nchi mbili, muongo mmoja, zote zikimwaga senti zake kwenye zahanati na madarasa.

Halafu ikaja Oktoba 1973.

Pipa la mafuta lililouzwa kama dola tatu lilikaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kwa Oman, ambayo haikuwa hata mwanachama wa umoja wa nchi zinazouza mafuta, ilikuwa kama mshahara umeongezwa mara nne bila kuombwa. Kwa Tanzania ilikuwa bili. Tena bili iliyofika pamoja na ukame, chakula kikanunuliwa nje kwa fedha za kigeni zile zile zilizotakiwa kununulia mafuta. Jambo linalonichekesha kwa huzuni ni kwamba mwezi huo huo wa Oktoba tulikata uhusiano na Israel kuwaunga mkono Waarabu. Urafiki ulipokewa kwa mikono miwili, na bei ya pipa ikabaki pale pale. Mwaka 1979 bei ikapanda tena, safari hii tukiwa tumetoka Kagera kumpiga Iddi Amin kwa gharama zetu wenyewe.

Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji mwandishi wa kuwasimulia. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, nguo kufuliwa kwa majani ya mpapai, vita ya wahujumu uchumi ya 1983 ambapo watu walitupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Zahanati zilizojengwa kwa nguvu za wananchi zilibaki na kuta na muuguzi, dawa hakuna. Siasa yetu ya uchumi ilikuwa na makosa yake, na vijiji vya kulazimishwa ni kosa ambalo hakuna bei ya mafuta inayoweza kulitetea. Lakini mtu akiniambia Oman ilifaulu na sisi tukafeli kwa sababu wao walipanga vizuri na sisi tulipanga vibaya, namuuliza: pipa lile lile, wewe ulikuwa upande wa kuuza au wa kununua?

Zanzibar ilipigwa mara mbili, kwa pipa na kwa karafuu. Mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba alikuwa Indonesia, ambako huchanganywa kwenye sigara zinazovutwa nchi nzima. Waindonesia wakapanda mikarafuu yao, na kufika miaka ya 1980 hawakutuhitaji. Bei ikaporomoka, na zao lililomfanya Majid amlipe kaka yake likawa halimlipi hata mchumaji wa Wete. Umeme ulikuja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na tukakaa kana kwamba waya huo ni wa milele. Desemba 2009 mfumo ulikufa na Unguja ikakaa gizani takriban miezi mitatu, jenereta zikinguruma Darajani, wavuvi wakitupa samaki kwa kukosa barafu. Mwishoni mwa mwaka uliofuata, 2010, Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya maendeleo ya binadamu iliyopima nchi 135 kwa miaka 40. Iliyopiga hatua ndefu kuliko zote tangu 1970 ilikuwa Oman. Mbele ya China, mbele ya Korea Kusini.

Kuna kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye safu ya mafuta, na kwangu mimi ndicho kiini. Qaboos alipochukua nchi aliwatangazia Waomani walio nje warudi. Nchi haikuwa na makarani, walimu, wauguzi wala mafundi. Watu waliosoma walihesabika. Waliorudi, au tuseme waliokwenda kwa mara ya kwanza maishani mwao, wengi walitoka kwetu. Muscat waliitwa Wazanzibari hata kama wametoka Tabora, Mombasa au Bujumbura. Kiarabu cha wengi wao kilikuwa cha kuombea maji. Kiingereza na Kiswahili ndivyo vilivyowapa kazi: kwenye kampuni ya mafuta, benki, wizarani, jeshini, polisi, hospitalini. Wanawake wa Kizanzibari, waliokwisha soma sekondari wakati binti wa Oman hana hata shule ya kwenda, walikaa kwenye meza za ofisi na wodi za wagonjwa kabla ya wenyeji wao. Hadi leo ukipita Matrah sokoni au vitongoji vya Seeb utasikia Kiswahili cha Unguja kikijadiliana bei, na mishkaki inauzwa kando ya barabara kwa jina hilo hilo.

Elimu yao ililipiwa na nani? Na wazazi wao, na kodi za Zanzibar, Tanganyika na Kenya. Waliondoka kwa nini? Wengi waliondolewa na Mapinduzi ya Januari 1964. Sifungui tena kesi hiyo. Dhuluma ya ardhi na ubaguzi wa kabla ya 1964 haikuwa hadithi, na damu iliyomwagika mwaka ule nayo haikuwa hadithi. Nasoma tu daftari. Kisiwa kilichokuwa na walimu na wauguzi wake kilibaki kikiwatafuta, na nchi iliyokuwa na shule tatu iliwapata wakiwa tayari wamefundishwa. Watu walipita kwenye njia ile ile ya riale za Majid, na safari hii Canning hakuwepo kuamua fidia.

Nirudi kwenye mafuta, maana sitaki msomaji adhani nimeyapuuza. Tupige hesabu ya mezani. Oman huchimba mapipa kama milioni moja kwa siku. Chukua dola 70 kwa pipa, usitoe gharama hata senti moja: dola milioni 70 kwa siku. Raia wa Oman ni kama milioni tatu, maana katika watu wake milioni tano na ushei, zaidi ya wawili kati ya watano ni wageni. Kila raia, mtoto na mzee, anaangukiwa na dola 23 kwa siku. Sasa beba visima vyote hivyo, bila kuacha hata bomba, vilete Tanzania. Sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120. Kila mmoja anapata dola moja na senti 13. Ni kama shilingi 2,800: nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, na chai na chapati mbili juu yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosubiri kuokolewa na mafuta. Mafuta ya Oman yaliibadilisha Oman kwa sababu ni nchi ya watu wachache. Tungepewa yote leo tungeongeza kipato chetu kwa theluthi moja hivi na kubaki nchi yenye kipato cha chini cha kati, hadhi tuliyoifikia mwaka 2020. Ni jambo zuri, si la kudharau. Ila Muscat haitokei hapo.

Na Muscat yenyewe inategemea umeingilia mlango gani. Mwanamke mmoja wa Tanga aliyefanya kazi Seeb kwa miaka minne alinieleza nyumba aliyokaa. Ghorofa mbili, majokofu matatu, viyoyozi hadi ukumbini. Chumba chake kilikuwa nyuma, kikipakana na cha kufulia, dirisha likitazama matangi ya maji. Kitu cha kwanza alichokipenda kilikuwa bomba: ukifungua, maji, saa yoyote, na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyeona kuwa ni ajabu. (Maji yenyewe ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, Oman imeyafanya hayo tangu miaka ya 1970, maana mvua za Muscat kwa mwaka hazifikii za mwezi mmoja wa masika ya Pemba.) Bibi wa nyumba alikuwa mzaliwa wa Wete. Jioni walikaa pamoja wakizungumza Kipemba, bibi akimuuliza habari za shokishoki na bei ya karafuu, akimwita mwanangu. Pasipoti ya huyo mwanangu ilikuwa kwenye droo ya mtoto wa bibi, imefungwa kwa ufunguo. Aliamka kabla ya alfajiri na kulala wageni wa mwisho walipoondoka. Siku ya mapumziko, alisema, aliisikia redioni.

Hakupigwa, na alilipwa, japo kwa kuchelewa. Anajihesabu kuwa mwenye bahati. Shirika la Human Rights Watch lilipochapisha ripoti juu ya Watanzania wafanyao kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 2017, lilikuta mishahara iliyozuiwa, kipigo, unyanyasaji wa kingono na pasipoti zilizoshikiliwa. Mfumo wa kafala humfunga mgeni kwa mwajiri wake, na mfanyakazi wa ndani ndiye wa mwisho kufikiwa na sheria za kazi. Zile takwimu nzuri za umri wa kuishi na kipato zinawapima wenye nyumba vizuri kuliko zinavyompima anayelala karibu na mashine ya kufulia.

Nilimuuliza kama angerudi. Akanijibu kwa swali: nyumba ya bati niliyomjengea mama, ningeijenga kwa mshahara gani hapa? Sina jibu la kumpa mtu wa namna hiyo kwa nadharia za maendeleo. Alilinganisha nchi mbili kwa mwili wake, akajua kila moja inampa nini na inamnyima nini.

Waomani nao wana yao. Mwaka 2011 vijana wa Sohar waliingia barabarani wakidai kazi, na Sultani akaahidi ajira 50,000. Kizazi kilichosomeshwa bure hadi chuo kikuu kinataka ofisi, na ofisi za serikali zimejaa, huku maduka, ujenzi na jikoni vikifanywa na Wahindi, Wabangladeshi na sisi. Bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 2014, bajeti yao iliyumba na madeni yakapanda. Vyama vya siasa haviruhusiwi, na bunge lao hushauri zaidi kuliko linavyoamua. Qaboos alikuwa sultani, waziri mkuu, waziri wa ulinzi, wa fedha na wa mambo ya nje, yote kwa pamoja hadi alipofariki Januari 2020. Mtu mmoja mwenye nia njema aliwafungulia shule. Mtu mmoja mwenye nia nyingine, baba yake, alikuwa amezizuia. Raia hakuulizwa mara zote mbili.

Kwetu kuna gesi. Nchi nzima zimepimwa futi za ujazo trilioni 57, nyingi zikiwa chini ya bahari ya Lindi na Mtwara, na mazungumzo na kampuni za Equinor na Shell yamekuwa yakienda na kurudi kwa miaka mingi. Watu wa Mtwara waliwahi kuahidiwa Dubai. Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilipoanza kujengwa, wakaingia barabarani mwaka 2013 na kaulimbiu yao ya gesi haitoki, ikajibiwa kwa mabomu ya machozi na askari. Walichokuwa wakidai hakikuwa kichaa. Nilivyowaelewa mimi, walitaka kujua kabla, kwa maandishi, wodi ya wazazi itakuwa wapi. Kwa hesabu ile ya mezani, gesi ikianza kuuzwa haitatosha kumtajirisha kila mmoja wetu, lakini inatosha sana kwa maji ya mabomba ya mikoa miwili na kwa kila zahanati kuwa na umeme, dawa na muuguzi wa pili. Mimi ningependa mkataba ujadiliwe kwa lugha ya vitu hivyo, si kwa lugha ya Dubai.

Jambo la watu ni rahisi zaidi na halihitaji kisima. Oman iliwaita wanawe waliozaliwa ugenini, wasiojua hata lugha ya nchi, ikawapa uraia na kazi. Sisi tumejadili uraia pacha tangu nikiwa mwanafunzi, na mpaka sasa tumefika kwenye hadhi maalumu. Daktari wa Kitanzania aliyechukua uraia wa Uingereza anakaribishwa kuleta fedha na kununua nyumba kwa masharti. Kupiga kura asitegemee. Hofu zetu zina historia, na wakazi wa Unguja wanaijua historia hiyo kwa majina ya watu. Lakini kila mwaka tunaopoteza kwa hofu hizo, hospitali ya nchi nyingine inavuna mtu tuliyemsomesha sisi. Tulishafanya hivyo mara moja na Muscat ikajengwa.

Kuna mabadiliko Oman ambayo hayazungumzwi sana vijiweni kwetu. Mwaka 2025 Sultani Haitham, mrithi wa Qaboos, alitia saini sheria ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, ya kwanza katika nchi za Ghuba. Itaanza Januari 2028, asilimia tano, na itamgusa tu anayepata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 20 kwa mwezi. Walio chini ya hapo, ambao ni karibu Waomani wote, wataendelea kulipiwa na mafuta. Mwalimu wetu wa shule ya msingi hukatwa kodi mara tu mshahara unapovuka shilingi 270,000. Amekatwa hivyo maisha yake yote ya kazi, na kwa hesabu za uraia anacho kitu ambacho jirani wa yule bibi wa Seeb hajawahi kuwa nacho: risiti ya mshahara inayoonyesha alichoipa Serikali, tarehe na kiasi, anayoweza kuingia nayo kwenye ofisi ya halmashauri na kuuliza zahanati ya kata yao imekosa dawa tangu lini.